Uzoefu wangu na WordPress 6.9: wahariri wamekumbukwa, wa lugha mbili bado wangoje

Kwa tovuti ambazo makala hupita mikononi mwa watu wawili watatu kabla ya kuchapishwa, toleo la 6.9 la WordPress, mfumo wa kuunda na kuendesha tovuti, lililotoka Desemba 2025 naliona lenye manufaa kuliko yote tangu kihariri cha bloku (vipande vya makala kama aya au picha) kiingie na 5.0 mwaka 2018.

Sababu ni noti. Unabofya bloku, unafungua menyu ya nukta tatu, unamwandikia mwandishi hoja yako. Naye anajibu hapohapo na kuifunga ikishatatuliwa. Msomaji wa tovuti haoni kitu. Ila noti hushika bloku nzima, si neno wala sentensi, kwa hiyo kwenye aya ndefu lazima unukuu maneno unayoyapinga. Halafu zinahifadhiwa kwenye jedwali la wp_comments, zikiwa maoni ya aina yake. Plagini (programu ya nyongeza) inayofuta maoni yote bila kutazama aina itazifagia nazo. Kagua plagini zako za kusafisha hifadhidata kwanza.

Watu wawili kuhariri makala moja kwa wakati mmoja hakumo. Kufuli lipo vilevile: mmoja akishafungua, wa pili hupewa chaguo la kurudi alikotoka au kumnyang'anya. Kufuli hulegea sekunde 150 baada ya ishara ya mwisho kutoka kivinjari cha mhariri, basi mwenzako akikatikiwa na intaneti, ngoja dakika mbili na nusu, usimnyang'anye. Kazi ya kuliondoa kufuli hilo inaendelea kwa kutumia maktaba ya Yjs, ambayo huunganisha mabadiliko ya watu kadhaa bila mmoja kufuta ya mwingine. Hiyo ndiyo awamu ya tatu ya Gutenberg, mpango wa kukijenga upya kihariri cha WordPress.

Masasisho ya plagini ya kujiendesha nayawasha, lakini kwa jicho kali. Tangu 6.6, plagini ikisababisha hitilafu kubwa ya PHP (lugha ya programu inayoendesha WordPress) baada ya kusasishwa, mfumo huirudisha ilivyokuwa. Tatizo ni kwamba jaribio hufanyika kwenye ukurasa wa mwanzo tu. Fomu ya malipo ikifa huko ndani, hakuna kinachorudishwa, ijaribu mwenyewe.

Ukiruka kutoka toleo la kabla ya 6.8, jua pia kwamba nywila sasa husimbwa kwa bcrypt, njia iliyo ngumu zaidi kuvunjwa. Za zamani zinafanya kazi na hubadilishwa mtumiaji anapoingia. Kinachovunjika ni msimbo wa nje unaosoma jedwali la watumiaji moja kwa moja ukitarajia mfumo wa zamani.

PHP 7.2.24 bado inakubalika kwenye 6.9, ingawa 8.3 ndiyo inayopendekezwa. WordPress 7.0 inaacha PHP 7.2 na 7.3, hivyo hamisha seva mapema: nakili hifadhidata na folda ya wp-content, sasisha plagini, kisha badilisha PHP kwenye tovuti ya majaribio kabla ya ile halisi.

Lugha nyingi ni awamu ya nne ya Gutenberg, na bado hakuna cha kushika. Mpaka ifike, chagua plagini inayohifadhi kila tafsiri kama makala inayojitegemea. Zile zinazobana lugha zote ndani ya safu moja ya hifadhidata huacha alama za ajabu katikati ya maandishi siku utakapozizima, na kuzisafisha ni kazi ya hati ya SQL, yaani amri za hifadhidata.