Visu vyangu vya mdalasini kwenye duka dogo la Chake: uzoefu wangu

Nafua visu Wete, na kimoja kati ya visu vyangu hakina kazi nyingine ila kubandua magome ya mdalasini. Ubapa wake mfupi, ncha imejipinda kidogo mfano wa kotama, kile kisu cha mgema, na makali nimeyatia upande mmoja tu ili kisu kipite chini ya gome bila kuuma mti. Kisu cha jikoni hulichana gome, na gome lililochanika halijikunji vizuri likikauka.

Nilipotafuta wa kuniuzia, nilianzia Unguja mjini. Duka kubwa nililoliendea lilitaka visu 200 kwa mpigo, kwa bei ya visu vya kiwandani. Nikarudi Pemba, nikaenda kwa mzee mwenye duka dogo la pembejeo Chake Chake.

Hakuniuliza bei. Alichukua kisu kimoja, akenda nacho shambani kwake, na siku ya tatu akaniita. "Mwanangu, makali yako mazuri, lakini hebu tazama hapa." Gome lilikuwa na madoa meusi kila kisu kilipopita. Nilikuwa nimetumia chuma cha springi ya gari, na maji ya gome la mdalasini yana tanini, ile dawa ya asili yenye ukakasi. Yakigusana na chuma cha namna ile hugeuka meusi. Akakataa kuviuza. Siku ile niliumia. Leo namshukuru sana, maana wakulima wangeniona tapeli.

Nikaagiza Dar es Salaam chuma kisichoshika kutu, kile kinachokubali kukazwa kwa moto. Chuma cha masufuria hakifai, hakishiki makali. Gharama ikapanda, kisu kikafika shilingi 14,000. Mzee akachukua 20 kwa mali kauli, yaani anilipe akishauza, yeye akabaki na 2,000 kwa kila kimoja. Kimoja alikifunga kamba mezani, pembeni yake akaweka fimbo mbichi ya mdalasini, kila mnunuzi ajaribu mwenyewe. Masika gome hubanduka kwa urahisi kwa sababu mti una maji mengi, na masika hayajesha visu vikamalizika.

Kubwa zaidi aliloniletea ni habari za wateja. Bibi mmoja wa Konde alirudisha kisu, akasema kinazama ndani ya mti. Mzee akamwambia akishike mbele yake, akaona: bibi ni mashoto. Makali ya upande mmoja yametengenezwa kwa mkono wa kulia, na mimi nilikuwa sijafikiria kabisa! Sasa katika kila visu kumi, viwili ni vya mashoto, na bibi yule amepata chake.

Upungufu upo. Hesabu ya visu anaiandika katika daftari moja na mbegu na mbolea, na mara mbili tumepishana idadi. Malipo nayo huchelewa mpaka mwisho wa mwezi. Ukimpelekea mali, nenda na daftari lako, mtie saini wote wawili siku ileile. Tena kijana wake wa dukani hawaambii wateja kwamba kisu hiki kinanolewa upande mmoja tu; wakikipiga tupa pande zote mbili, kimekufa. Nimeanza kufunga kikaratasi chenye mchoro kwenye kila mpini.

Mzigo wa tatu, visu 40, nampelekea yeye yule kabla ya vuli.