Zawadi za Msafiri wa Begi Mgongoni: Nimezipima Moja Moja

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo meza imejaa kama mnavyoiona, na kila kilicho juu yake ni zawadi. Sikununua hata kimoja. Kuna cha mjomba, kuna cha dada, kuna vya marafiki, vyote nilipewa na watu wanaonipenda kwa kuwa walisikia nasafiri na begi mgongoni. Hapa pembeni nimeweka mizani ya jikoni inayosoma gramu.

Tuna methali: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtoaji anashika kitu dukani dakika moja, anakiona chepesi, analipa kwa moyo mweupe. Mpokeaji ndiye atakayekaa nacho mgongoni saa tano, saa sita kwa siku, apande nacho ngazi na kukimbilia nacho basi. Lakini uzito peke yake usingenifanya nirekodi video nzima. Sabuni niliyonunua mwenyewe ikinilemea naiacha hosteli, naondoka. Kitu alichonipa mtu ninayempenda siwezi kukiacha, naona kama namwacha yeye. Nitakibeba miezi minne bila kukitumia. Ndani ya begi, zawadi ni kitu pekee ambacho mwenye begi hana uhuru nacho, na hilo watoaji wengi hawalijui.

Tuanze na hiki kikubwa. Mfuko wa kulalia, nyuzi za kiwandani, umejaa vizuri, zipu imara. Naweka kwenye mizani... gramu 1,900. Mashirika mengi ya ndege yanakuruhusu kilo 7 au 10 za begi la mkononi. Kama ni 7, zawadi hii moja imeshakula zaidi ya robo na bado hujaweka hata nguo ya kubadilisha. Sasa nauingiza kwenye begi langu la lita 40. Mnaona? Umefika nusu.

Mjomba aliununua akijua kwamba msafiri wa aina yangu analala porini. Mimi nalala bwenini, kitanda kina shuka. Tena hosteli nyingi zinakataza mifuko ya kulalia ya wageni kwa sababu ya kunguni, maana wanajificha kwenye mishono na kuhama na mwenye mfuko. Niliubeba wiki sita. Sikuufungua hata usiku mmoja. Mwishowe niliutuma nyumbani kwa posta, na nilipotoka pale begi likiwa jepesi niliona vibaya sana, nikamkumbuka alivyonikabidhi kwa mikono miwili.

Anayelala kwenye hema milimani anauhitaji kweli, ila achague mwenyewe, kwa sababu unene wa mfuko unategemea baridi ya huko anakokwenda. Wa hosteli mpe hiki: shuka la hariri lililoshonwa kama mfuko. Gramu 140. Likikunjwa linaenea kiganjani. Mjomba alitaka nilale salama na nilale pasafi, na vyote viwili vimo humu.

Haya, hii wengi mmeiona kwenye matangazo: paneli ya jua ya kuning'iniza nyuma ya begi. Gramu 380. Imeandikwa wati 6. Hebu tupige hesabu pamoja. Pawabenki yangu ni ya mAh 20,000, yaani kipimo cha chaji inayobeba. Zidisha kwa volti 3.7, unapata kama wati-saa 74. Gawanya kwa 6, ni zaidi ya saa 12 za jua kali, tena paneli iwe imelitazama jua moja kwa moja muda wote na umeme usipotee hata kidogo. Sasa mimi natembea. Paneli inatazama nyuma, naingia kivulini, natoka, jua liko upande mwingine, na sehemu ya umeme inapotea kwenye kubadilishwa. Nilitembea nayo siku tatu. Kati ya taa nne za pawabenki, ya kwanza iliendelea kumemeta, yaani hata robo haikujaa. Mtu akiniambia basi iache juani umepumzika, namjibu kwamba pawabenki itachemka nayo pale pale, na joto ni adui wa betri za lithiamu.

Pawabenki yenyewe ni zawadi nzuri, lakini tafadhali msikimbilie kubwa. Kwenye ndege, kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, yaani kama mAh 27,000. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na kupita hapo hupandi nayo. Kwa hiyo yule rafiki anayekutafutia ya mAh 50,000 ili usiishiwe chaji anakununulia kitu kitakachobaki mikononi mwa walinzi wa uwanja. Ya 10,000 inajaza simu nyingi zaidi ya mara moja. Inatosha. Na iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiende kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Kisu cha mkunjo chenye zana kumi na moja: kizuri, ila anayesafiri na begi la mkononi tu anaweza kunyang'anywa kwenye ukaguzi. Kopo la pilipili ya kupuliza: usimpe mtu. Najua linatolewa kwa hofu ya kweli, hasa kwa mabinti wanaosafiri peke yao. Lakini Uingereza, kwa mfano, limo kwenye sheria ya silaha ya mwaka 1968, na kukutwa nalo ni kosa la jinai. Utakuwa umempeleka mwanao polisi ukidhani umemlinda.

Sasa mrija wa kuchuja maji. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu huu ni chini ya gramu 60 na kwa uzito sina ugomvi nao. Ndani yake kuna nyuzi zenye vitundu vya takriban maikroni 0.2, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Bakteria wengi ni wakubwa kuliko hapo, wanakwama. Vijidudu kama Giardia ni wakubwa zaidi, navyo vinakwama. Virusi je? Norovirasi, kirusi cha kuharisha, ana upana wa kama maikroni 0.03, na cha homa ya ini aina ya A ni hivyo hivyo. Wanapita. Kwa mto wa mlimani mbali na makazi ya watu, mrija unafaa sana. Kwa maji ya mji ambao bomba lake huliamini, na huko ndiko wasafiri wengi wa hosteli wanakoumwa tumbo, hautoshi.

Halafu fikirieni jinsi unavyotumika. Unapiga magoti kwenye maji, unavuta kwa mdomo, unainuka. Chupa yako bado tupu. Huwezi kupikia, huwezi kuondoka nayo. Na mrija ukishalowa halafu ukagandishwa na baridi ya usiku, nyuzi zinapasuka ndani bila wewe kuona, ukaendelea kunywa ukiuamini. Hili la mwisho ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Kuchemsha bado ni njia ya uhakika: maji yatokote dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000 yatokote dakika tatu. Ukitaka kumpa msafiri kitu cha maji, mpe chupa yenye chujio ndani pamoja na pakiti ya vidonge vya klorini. Chujio linakamata vile ambavyo klorini inavishindwa, kama kijidudu cha kuharisha kiitwacho Cryptosporidium, na klorini inaua virusi vinavyopita kwenye chujio.

Taulo la pamba, gramu 620 likiwa kavu. Likilowa asubuhi unalibeba na maji yake, jioni linanuka na kuambukiza harufu nguo zote. La maikrofaiba, gramu 160, linakauka wakati unakunywa chai. Mto wa shingo mnene sina la kusema, utaning'inia nje ya begi safari nzima.

Kuna kosa moja kubwa kuliko haya yote, nalo ni kumnunulia mtu begi lenyewe kwa kumshtukiza. Begi zuri halipimwi kwa urefu wa mtu. Linapimwa kwa urefu wa mgongo, kuanzia mfupa unaojitokeza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa nyonga. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuhitaji mabegi tofauti. Uzito mwingi unatakiwa ukae nyongani kupitia mkanda wa kiunoni. Mgongo wa begi ukiwa mrefu mno au mfupi mno, mkanda unakaa tumboni au makalioni, na mabega yanabeba kila kitu. Kama unataka kumnunulia, nenda naye, alivae likiwa na uzito ndani, atembee dukani robo saa.

Mwaka 1955 mama mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, alitembea peke yake njia nzima ya miguu ya milima ya Appalachian, kutoka Georgia hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,000. Alikuwa na miaka 67 na wajukuu. Alibeba mfuko aliojishonea, akautupia bega moja. Ndani hakukuwa na hema wala mfuko wa kulalia. Alikuwa na blanketi, na pazia la bafuni la kujikinga na mvua. Simtaji ili mwende bila hema, jamani. Namtaja kwa sababu kila kilichokuwa kwenye mfuko ule alikiweka yeye, akijua kitafanya kazi gani.

Hiki cha mwisho ndicho kilichonisumbua zaidi. Daftari la ngozi, karatasi nene, limefungwa kwa kamba. Gramu 840. Dada yangu alilitafuta wiki nzima, na ukurasa wa kwanza aliniandikia kwa mkono. Safari mbili nilibeba daftari hili na sikuandika neno, nikiogopa kulichafua. Safari ya tatu nikampigia. Nikamwambia, dada, daftari lako zito, ila maneno yako nayataka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nililete. Akaukata ule ukurasa mwenyewe, kwa mkasi, pembeni kabisa ili usichanike. Sasa uko ndani ya jalada la pasipoti yangu, na nadhani nimeusoma mara nyingi kuliko kitabu chochote.

Kwa hiyo wanaoniuliza kila mwezi watoe nini: mlipie kitanda cha usiku wa kwanza, ule anaofika amechoka na hajui mtaa. Mlipie bima ya safari, tena msome pamoja kama inalipia kusafirishwa ukiumia. Mpe jozi moja ya soksi za sufu ya merino, kwa sababu pamba inashika jasho na kuleta malengelenge. Na ukishapata wazo la kitu, muulize kwanza kitachukua nafasi ya kipi begini. Asipokuwa na jibu, kiache dukani.

Na wewe mwenye safari, sema mapema. Tuma orodha ya vitu ulivyo navyo na uzito wake kwa ndugu zako kabla hawajaanza kununua. Mimi nilichelewa kusema, na mjomba ndiye aliyeumia.

Mjomba, najua unatazama hizi video. Mfuko wako upo juu ya kabati, mkavu, sijamgawia mtu. Mwakani naenda milimani kulala kwenye hema, na nitaubeba huo huo.