Miezi mitano na kibodi ya kujiunganishia

Wakati nainunua nilidhani nanunua sauti. Kila video niliyoitazama ilikuwa ya mtu anayebonyeza vitufe taratibu huku mlio ukitoka kama kokoto zinazodondoka juu ya ubao, nami nikapagawa. Leo ni miezi mitano naandikia kazi zangu zote humu, na sauti ndiyo kitu ninachokifikiria kidogo kuliko vyote.

Ni kibodi ndogo ya swichi za mekanika, yaani kila kitufe kina swichi yake chini, haina namba za pembeni wala safu ya F1 na wenzake. Inakuja vipande vipande: kasha la alumini, ubao wa saketi, bamba la kushikia swichi, kofia za vitufe na fuko la swichi. Hulehemu chochote. Swichi unaichomeka kwenye soketi yake kwa kidole gumba, ukiichoka unaing'oa na kuweka nyingine. Bila hilo nisingethubutu, maana mimi na chuma cha kulehemu hatuelewani.

Swichi zenyewe zinafuata umbo la MX, lile ambalo kampuni ya Kijerumani ya Cherry iliingia nalo sokoni miaka ya 1980 na ambalo sasa linaigwa na kila mtu: msalaba mdogo juu wa kushikia kofia, springi ndani, na ulimi mwembamba wa chuma pembeni. Kitufe kinashuka kama milimita 4 hadi chini kabisa, lakini herufi inatoka kikiwa kimeshuka kama 2 tu. Ukishalijua hilo vidoleni, unaacha kuandika kama mtu anayepigilia misumari. Ziko swichi zinazoteleza moja kwa moja, ziko zinazolia tik, na ziko zenye tuta katikati ya njia. Nilichukua za tuta.

Halafu nikazivuruga mwenyewe. Nilikuwa nimesikia kwamba swichi ikipakwa grisi inatulia, kwa hiyo nikaketi na brashi ya kuchorea, nikazifungua moja moja na kupaka kila mahali palipoonekana panasuguana. Nilipofika kama ya ishirini nikarudisha moja na kuibonyeza. Tuta hakuna. Kumbe tuta lenyewe linatokana na viguu viwili vya kile kipande cha katikati vinavyousukuma ulimi wa chuma, na mimi nilikuwa nimevipaka grisi kwa bidii kuliko sehemu nyingine yoyote. Nikaziosha zote kwa spiriti, nikasubiri zikauke, nikaanza upya: springi na kuta za pembeni tu, viguu usiviguse. Jioni mbili zikaenda hivyo.

Kasoro za kibodi yenyewe zipo pia. Waya za kusawazisha vitufe virefu zilitoka kiwandani kavu, na moja ilikuwa imepinda kidogo, hivyo Enta ikawa inachechemea upande mmoja na kugongagonga. Karatasi ya maelekezo ni michoro mitupu isiyosema ukweli muhimu kuliko wote: swichi ukiichomeka ikiwa imeinama hata kidogo, pini yake inajikunja chini ya tumbo na huioni. Herufi K yangu ilikuwa bubu siku nzima. Nilibadilisha kebo, nikawasha na kuzima kompyuta, nikailaumu programu, ndipo nikaing'oa swichi na kukuta pini imelala. Niliinyoosha kwa kibano cha nyusi.

Ila yote hayo nayasamehe kwa sababu ya kitu ambacho hata hawakukitangaza vizuri kwenye boksi. Kibodi hii ina akili yake: ndani inaendeshwa na QMK, programu huria, na unaweza kuiambia kila kitufe kitoe nini. Mpangilio unakaa ndani ya kibodi, kwa hiyo hata ukihamia kompyuta nyingine unaondoka nao.

Sasa fikiria mpangilio wa herufi tunaoutumia. Mmarekani Christopher Latham Sholes, mvumbuzi wa taipureta, alipopata hataza yake ya mwaka 1878, herufi zilikuwa zimeshakaa karibu kabisa na zilivyo leo, na hakuna aliyekuwa anakiwazia Kiswahili. Andika neno "hawajakamata". Herufi kumi na mbili, A sita. Mara zote sita anaitwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile dhaifu cha kushikia kikombe kwa madaha. Wakati huohuo Q na X zinakaa mahali pake pazuri tu, hazina kazi, na C haitoki nyumbani bila H.

Kibodi yangu ina kitufe cha nafasi kilichogawanywa vipande viwili. Nikaamua: gumba la kulia libaki na nafasi, la kushoto lipewe A. Siku tatu za kwanza nilikuwa kama mtoto anayejifunza kuandika. Siku ya nne "hawajakamata" ikatoka yenyewe, gumba linadunda huku vidole vingine vikibadilishana zamu, na nilicheka peke yangu. Tatizo nililigundua nilipoongeza kasi. Maneno yetu mengi yanaishia kwa A, na baada ya A inakuja nafasi, kwa hiyo magumba mawili yanafuatana na la kulia linawahi. Nikaanza kupata "kwamb aalikuj ajana". Niling'ang'ania siku kumi na moja, kisha A ikarudi kwake. Kipande cha kushoto sasa kinafuta, na hapo kimekaa vizuri kiasi kwamba kibodi za watu wengine zinaniudhi.

Jaribio lililodumu ni la Q. Niliipa kazi ya kutoa ng' kwa pigo moja, na kwa mtu anayeandika ng'ombe, ng'ambo na kung'oa kutwa nzima ni raha. Nilisahau kwamba nywila yangu moja ina q. Niliiandika, vidoti vitatu vikaruka badala ya kimoja, sikuelewa, nikarudia mpaka akaunti ikafungwa. Sasa nimepanga hivi: ukigusa Q inatoka q, ukiishikilia zaidi ya milisekunde 200 inatoka ng'. Mwanzoni unaona kama kibodi inasitasita, baadaye kidole kinazoea.

Kama unatafuta kibodi ya kuchomeka na kuanza kazi dakika hiyohiyo, hii itakukera, na zile waya zake si za bidhaa ya hadhi hii. Kama una mkono usiotulia, nunua, ila agiza na swichi chache za ziada. Mimi nimebakiwa na X. Nimeipa ch tangu juzi, na mpaka sasa imeshanitolea "chml" mara mbili kwenye majina ya mafaili.