Maiki ya Yaesu kwenye Icom IC-718: uzoefu wangu na fundi wa Mbuyuni

Plagi iliingia bila kulazimishwa. Pini nane kwa tundu nane, pete ya shingoni ikakaza, nami nikajiona nimeokoa hela. IC-718 yangu, redio ya ridhaa (ya kuzungumza na watu hewani kwa kujifurahisha), niliinunua imetumika na haikuja na maiki. Rafiki akanipa Yaesu MH-31 iliyokuwa imemkalia kabatini. Nikabonyeza kitufe cha kurusha kilicho kwenye maiki, taa nyekundu ikawaka, nikaita kwenye 7 MHz karibu nusu saa. Kimya. Nikaisingizia antena, nikapanda juu ya bati hapa Moshi kwenye jua la saa saba kukagua waya ambao haukuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa kwenye pini. Kwenye Icom, pini ya 5 ni ya kitufe na ya 6 ni eathi yake. Yaesu wamegeuza: 6 kitufe, 5 eathi. Kwa kuwa kitufe kazi yake ni kugusanisha hizo mbili tu, redio inakubali kurusha kama kawaida. Ila sauti ya Yaesu inatokea pini ya 8, wakati Icom inaisubiri pini ya 1. Kipimo cha nguvu hakikuwa kinapanda hata nikipiga kelele, na hilo nilipaswa kuliona kabla ya kutafuta ngazi.

Nikaagiza mtandaoni kiunganishi kilichotengenezwa tayari. Sitataja duka. Sauti ikatoka, lakini mwenzangu wa Dar akaniambia, "Unaongea ukiwa ndani ya pipa?" Nikakitumia wiki mbili, kila siku nikirudia alama yangu ya wito, inayoanza na 5H ya Tanzania, mara tatu tatu ndipo mtu ainase.

Ndipo nikampelekea fundi mmoja wa Mbuyuni. Kibanda chake kimejaa sabufa na redio za magari. Redio ya ridhaa hajawahi kuigusa. Swali la kwanza: "Kaka, hii si ya polisi?" Nikamwonyesha leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, akacheka, akachukua mita. Akawasha redio, akagusa pini ya 1 na ya 7, akanigeuzia mita nione mwenyewe: kuna umeme wa DC pale. Maiki za Icom ni za elektreti, zinahitaji volti hizo ili zifanye kazi. MH-31 ni ya dainamiki, ina koili tu, haihitaji kitu. Kile kiunganishi cha mtandaoni kilikuwa kinaiachia DC yote ipite kwenye koili.

Dawa yake ilikuwa kapasita moja ya mikrofaradi 4.7, upande wa chanya ukielekea redioni. Sauti inapita, DC inabaki mlangoni. Akalehemu waya nne tu: 8 kwenda 1, 6 kwenda 5, 5 kwenda 6, 7 kwenda 7. Nilitaka aunganishe eathi zote mbili pamoja kurahisisha kazi, akakataa kabisa. Ya sauti ikae peke yake, akasema, usije ukaniletea mvumo hapa. Nikanyamaza.

Bei elfu kumi na tano, plagi na tundu nilileta mwenyewe. Alisema kesho, ikawa siku tatu, na simu hapokei. Waya nao ni mfupi mno, maiki inaning'inia pembeni ya meza kama popo. Lakini kazi ya kulehemu ni safi, kila pini ina mpira wake.

Jioni ile ile nikamwita yule wa Dar. "Leo ni wewe," akasema. Sauti ilikuwa chini kidogo, kwani dainamiki hutoa kidogo kuliko elektreti, nikapandisha geini (ukuzaji wa sauti) ya maiki kwenye menyu ikatosha. Nikirusha wati 100 zote sauti ilikuwa ikikwaruza, mpaka nilipozungusha waya wa maiki mara tano kwenye pete ya feraiti (huzuia mawimbi ya redio kuingia kwenye waya) niliyoitoa kwenye kebo ya skrini mbovu. Imekwisha.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu vitufe vya kupandisha na kushusha masafa havifanyi kazi: Icom inavisoma vyote kwenye pini moja ya 3, cha kushusha kikipitia rezista ya omu 470, na Yaesu ina pini mbili tofauti. Fundi anasema nimrudishie na elfu tano atapanga. Bado nazungusha nobu kwa mkono.