Kusafisha na kupaka grisi kalipa za breki hapa Mbeya: uzoefu wangu

Kama gari lako linashuka miteremko ya Iwambi au Kitonga mara kwa mara, lipia huduma ya kusafisha na kupaka grisi kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski ya breki, kabla hujafikiria pedi mpya. Mimi nimefanyiwa kwenye Toyota IST, magurudumu mawili ya mbele, kwenye gereji moja hapa Mbeya mjini. Ufundi ulikuwa shilingi 30,000, grisi na dawa ya kusafishia breki nikanunua mwenyewe. Nimeridhika sana. Naeleza kwa kirefu kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini tunabadilisha pedi kila zinapolia, halafu baada ya muda tunarudi kwa fundi na shida ileile.

Shida yangu ilikuwa hivi. Gari lilikuwa zito, ukiliachia kwenye tambarare linasimama mapema kuliko zamani, na mafuta yanakwenda haraka. Nikishuka kutoka Isongole kwenda Tukuyu, harufu ya kuungua inaingia ndani upande wa kulia. Pedi zilikuwa zimebadilishwa si muda mrefu, kwenye gereji nyingine, na fundi aliyezibadilisha alisema ni mpya, zitajizoesha zenyewe.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama breki inabana, na ni vizuri kukifanya sehemu ya tambarare, si baada ya mteremko, maana mteremkoni kila breki inapata moto. Mimi nilikifanya barabara ya Igurusi kwenda Chimala, ambako unaweza kwenda mwendo mzuri bila kugusa breki sana. Unasimama taratibu, unasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ya kushoto ilikuwa vuguvugu. Ya kulia ilinifukuza mkono kabla haujaikaribia.

Gereji niliyokwenda haina mbwembwe. Fundi ni kijana, na kitu cha kwanza kilichonipa imani naye ni kwamba baada ya kufungua tairi hakukimbilia kuniambia ninunue kitu. Alitoa pedi zote mbili za upande wa kulia akaziweka juu ya gazeti. "Dada, hizi pedi hazina kosa," aliniambia. "Angalia ya ndani, halafu angalia ya nje." Ya ndani ilikuwa imebaki kama milimita 3, ya nje bado ilikuwa nene karibu kama ilivyotoka dukani. Pedi za gurudumu moja, zilizofungwa siku moja.

Sababu yake inafaa kila mwenye gari aielewe. Kalipa ya magari yetu mengi madogo ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma pedi ya ndani kwenye diski, kisha kalipa nzima inateleza kurudi ndani na kuivuta pedi ya nje nayo ibane. Kuteleza huko kunafanyika juu ya pini mbili. Pini zikikauka au zikishika kutu, kalipa haisogei. Pedi ya ndani inafanya kazi peke yake, na ukiachia kanyagio kalipa hairudi vizuri, pedi inabaki inaisugua diski barabara nzima. Ndiyo maana unaweza kubadilisha pedi kila wakati na usitibu kitu.

Pini ya juu ilitoka kwa kuvutwa na vidole. Ya chini ilibidi izungushwe na spana huku inavutwa, na ilipotoka ilikuwa na rangi ya kahawia, grisi ya zamani imegeuka ukoko wa sufuria, mgumu, unatoka vipande vipande ukiukwangua. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika pembeni, mpasuko mdogo ambao usingeuona bila kuukunjua. Ukiendesha vijiji vya Rungwe wakati wa masika unajua kinachopita kwenye mpasuko wa namna hiyo: maji na tope jembamba, na vikikauka vinabaki humo humo.

Sasa kuhusu grisi, ambayo ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote. Mafundi wengi wanapaka grisi ya beringi, ile ya kopo kubwa, kwa sababu ndiyo iliyopo. Grisi hiyo inatokana na mafuta ghafi, na mpira wa mfumo wa breki haupatani nayo: unavimba, unakuwa laini, na mpira uliovimba unaibana pini badala ya kuilinda. Vivyo hivyo kuosha kalipa kwa petroli au dizeli, jambo linalofanyika kila siku kwenye gereji zetu. Kinachotakiwa kwenye pini ni grisi ya silikoni au grisi ya breki ambayo kopo lenyewe limeandikwa inafaa kwa mpira na kwa joto kali. Grisi ile ya rangi ya shaba nayo isiingie kwenye pini. Mimi nilinunua kitubu kidogo cha silikoni kwenye duka la spea Mwanjelwa, na baada ya kazi yote kilikuwa bado kimejaa zaidi ya nusu. Gharama yake ukilinganisha na seti ya pedi ni ndogo, kwa hiyo sioni sababu ya kukubali mbadala.

Fundi alifanya kazi kwa utaratibu nilioupenda. Kalipa aliining'iniza kwa waya kwenye springi, hakuiacha ining'inie kwa hozi ya breki. Vumbi jeusi hakulipuliza kwa kompresa, alililowesha kwa dawa kwanza kisha akalifuta, na hilo ni jema kwa mapafu yake na yangu, kwani vumbi la pedi si la kuvuta. Pini alizipiga msasa laini sana kuondoa kutu tu, akaosha matundu yake kwa kibrashi chembamba mpaka tambara likatoka safi. Breketi, fremu inayozishika pedi, akaisugua kwa brashi ya waya pale klipu za chuma zinapokaa, maana kutu ikijijenga chini ya klipu, masikio ya pedi, yaani ncha zake za chuma za pembeni, yanabanwa hata kama pini ni safi. Hapo wengi hawafiki.

Grisi alipaka kidogo, na nilipomuuliza kwa nini hajazi tundu alinijibu vizuri: tundu la pini halina njia upande wa pili, ukilijaza, hewa na grisi vinakosa pa kwenda na pini inasukumwa nje. Alipaka pia utando mwembamba kwenye masikio ya pedi. Uso wa pedi na diski havikuguswa kabisa. Pini alizirudisha kila moja mahali pake, kwani kwenye kalipa nyingi moja ina kimpira nchani na nyingine haina, na hazibadilishani.

Kabla ya kurudisha pistoni ndani alifungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki na kuizungushia tambara, kwa sababu mafuta hayo yakimwagika kwenye rangi ya gari yanaibabua. Pistoni ilirudi taratibu bila kukwama na mpira wake ulikuwa mzima, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuifungua. Angeweza kuniuzia kalipa nzima nisijue lolote. Aliniuzia mpira mmoja wa pini.

Mpira huo ndio ulionichosha. Gereji haikuwa nao, kijana mmoja akatumwa Mwanjelwa kuutafuta, akarudi na usio wenyewe, akatumwa tena. Nusu siku ilikwenda hapo. Pia hawana spana ya kupima nguvu ya kukaza, wanakaza kwa mkono na uzoefu, na boliti za pini ni ndogo, ukizidisha unakata nyuzi. Gereji inayolipisha kwa kazi ya breki ingefaa iwe nayo. Na mafuta ya breki hawakuyagusa wala kuyapima mpaka nilipouliza. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa: mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huanza kuchemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. Kwa anayeshuka kutoka baridi ya Isongole mpaka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa lililo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mafuta yatachemka na kanyagio kuzama mguuni katikati ya kona. Nililipia kubadilisha mafuta ya breki na kutoa upepo ulionaswa kwenye mabomba yake siku ileile.

Baada ya kufunga kila kitu alikanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka kanyagio likawa gumu, ndipo akanipa ufunguo. Usikubali fundi atoe gari kwenye jeki na kuondoka bila hilo, kwani pistoni ikiwa imerudi ndani, mkanyago wa kwanza haukamati kitu.

Matokeo: harufu imekwisha, rimu zote mbili zina joto moja, gari linateleza lenyewe kwenye tambarare. Iwambi nashuka kwa gia ndogo kama kawaida, na nikigusa breki gari linasimama limenyooka. Pedi ya ndani sikuibadilisha peke yake, nilinunua seti ya magurudumu yote mawili.

Ukienda, nenda asubuhi, na uwe umeshanunua grisi na mipira ya pini ya aina ya gari lako, bei yake ni ndogo na utaokoa muda. Bei niliyotaja haihusu breki za nyuma. Za IST yangu ni za dramu na ufundi wake ni mwingine.