TAHADHARI: Jamaa anayepima tyubu za leza bure halafu anakuuzia mpya

Wakuu mlio na mashine za leza za kukatia akriliki na mbao hapa Dar, hasa nyie wa vibao na ngao za Kariakoo, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp anajiita mtaalamu wa kupima nguvu ya leza. Kupima ni bure. Anakuja na kidude chake, anapiga shoti mbili tatu, inatoka wati 6 wakati tyubu imeandikwa 60, anakupa pole, "bosi hii imekwisha", na mpya eti anayo kwenye gari.

Mimi ni fundi wa hizi mashine, nimeletewa hizo zilizoitwa maiti, nikazifunga zikakata akriliki ya milimita 5 bila shida. Kidude chenyewe nimekishika, maana anaviuza pia. Nyuma kimeandikwa nanomita 400 hadi 1100 (urefu wa wimbi la mwanga kinaouona), yaani ndani ni fotodayodi ya silikoni, kihisio cha mwanga. Sasa leza ya CO2, yaani hizi tyubu zenu, iko kwenye 10,600, silikoni haiioni kabisa, ile namba ni mwanga wa kitu kinachoungua mbele yake pamoja na taa za ofisini kwako! Kingefaa labda kwa vile vileza vya bluu vya 450, na hapo napo fotodayodi nyingi uwezo wake ni miliwati tu mpaka uzipunguzie mwanga.

CO2 inapimwa na thamopaili, kile kichwa chenye uso mweusi kinachopokea joto. Na hicho nacho wanakichezea, joto linataka sekunde kadhaa litulie, ukifyatua sekunde moja ukazima namba inatoka ndogo kuliko ukweli na ndiyo anayokuonyesha. Ukinunua chako angalia wati za juu na pia wati kwa sentimita ya mraba, usikiweke kwenye fokasi chini ya lenzi, pale mwale unapokusanyika, utautoboa huo uso mweusi siku ya kwanza.

Halafu anapenda kupima pale kwenye kichwa cha kukatia, baada ya vioo vitatu ambavyo wengi wenu hamjavifuta tangu mashine ije (najua). Nguvu inapotelea kwenye vioo, lawama inaenda kwa tyubu. Ipimwe mdomoni mwa tyubu na kichwani, tofauti ya hizo namba ndiyo uchafu wenu. Na maji, kama unapooza kwa ndoo tu bila chila (mashine ya kupoza maji), kwa joto la huku maji yanafika 30 na kitu, tyubu lazima ilegee, ila haijafa.

Kuna na cheti anatoa, kina muhuri kabisa, ubora wa mwale kaandika M² 0.8. Hiyo haipo duniani, mwale bora kuliko yote ni 1, chini ya hapo haushuki. Na M² kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 11146 unapima upana wa mwale sehemu zisizopungua 10 kando ya njia yake, yeye kapiga picha ya alama ya moto kwa simu basi.

Akikwambia imekufa, tyubu ya zamani usimwachie, kila mahali anaondoka nayo na sijui anaipeleka kwa nani. Pia msifungue kava la nyuma kupima mdomoni wenyewe kama hujazoea, pale kuna volti kama 20,000, muiteni fundi mnayemjua.