Darasa la kucheka, Mama Ngina

Wenzangu mnaobeba mambo kifuani, nendeni darasa la kucheka la Jumamosi asubuhi, pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, chini ya mibuyu. Mazoezi haya aliyaanzisha daktari Madan Kataria huko Mumbai mwaka 1995: unaanza kucheka kwa kujilazimisha, macho kwa macho na mwenzio, mara kicheko kinakuja chenyewe. Mama mmoja aliyevaa buibui alicheka mpaka akaangua kilio. Mwalimu hakumwambia anyamaze. Alimpa leso ajifute, akaketi naye. Nilipenda sana hilo. Ndipo nami nikaweza kumtaja marehemu mume wangu mbele za watu. Mkeka uje nao, chini ni pagumu. Wakimaliza kuna kahawa chungu na kashata.